Stevia Badala ya Sukari: Jani la Jikoni na Zao la Chama

Somo la kusomwa na katibu mbele ya wanachama, kabla ya mkutano mkuu wa kupitisha makisio ya msimu

Kila bei ya pamba inaposhuka, au mvua inapokatika kabla vitumba havijafunguka, swali la zao jipya huzuka katika vyama vya msingi vya kandokando ya Ziwa Viktoria. Somo hili lahusu zao mojawapo ambalo sifa zake hufika kijijini kabla ya mbegu yake. Zao hilo ni stevia, mmea ambao majani yake ni matamu kuliko sukari.

Sifa hizo nyingi ni za kweli. Hatari imo katika kuchanganya vitu viwili visivyofanana: jani linalochumwa nyuma ya nyumba na kutiwa katika chai, na unga mweupe unaouzwa katika biashara ya dunia. Jani lahitaji kitalu kidogo na ndoo ya maji. Unga wahitaji kiwanda. Chama kinachopanda kwa kuifikiria chai, kisha kikatafuta soko kwa kuufikiria unga, chaweza kujikuta na ghala lililojaa majani yasiyo na mnunuzi, na daftari lililojaa madeni ya wanachama.

Kwa nini watu watafute badala ya sukari

Watu wa makamo wa kanda hii hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa sukari. Kiwanda cha sukari cha Kagera, magharibi ya ziwa, kilihujumiwa na majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi mwaka 1978, na miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya foleni na vibali. Nyumba nyingi zilikunywa chai kwa sukari guru. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika tena, baada ya mvua za El Nino kuzuia uvunaji wa miwa, na Serikali ikatangaza bei elekezi.

Sababu ya pili ni afya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikipunguzwa hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi, au vijiko 6 vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku na kutia vijiko vitatu katika kila kikombe amekwisha kupita kipimo hicho kabla hajafungua soda.

Hapa yafaa kusahihisha kosa linalosikika mara nyingi, hata vinywani mwa watu waliosoma. Asali na sukari guru si dawa ya mwenye kisukari. Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda, na utamu wake ni ule ule wa sukari ya dukani. Asali nayo ni sukari iliyokusanywa na nyuki. Rangi ya kahawia haibadili kazi ya sukari mwilini. Stevia ni jambo jingine, kwa kuwa utamu wake hautokani na sukari hata kidogo.

Mmea wenyewe

Asili ya stevia ni Paraguay, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko, Waguarani, walitumia majani yake kutia utamu vinywaji vyao kwa vizazi vingi kabla wataalamu hawajauandika. Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Uswisi na kuhamia Paraguay, aliueleza kitaalamu mwaka 1899, na jina lake la kisayansi, Stevia rebaudiana, humkumbuka mkemia wa nchi hiyo aliyeitwa Rebaudi. Mwaka 1931 wakemia wawili wa Ufaransa walifanikiwa kuutenga utamu wenyewe kutoka katika jani. Wajapani ndio waliougeuza kuwa biashara kubwa katika miaka ya 1970. Kwa sasa China ndiyo inayoongoza kwa kulima.

Jani kavu lina utamu wa mara 10 hadi 15 kuliko uzito huo huo wa sukari, na pengine zaidi. Utamu uliotengwa na kusafishwa ni wa mara 200 hadi 300. Mwili hauusagi utamu huo kuwa nishati, kwa hiyo hauongezi sukari katika damu. Kasoro yake ni uchungu kidogo unaobaki ulimini, mfano wa mzizi wa susi.

Kuhusu usalama, kamati ya wataalamu wa viungo vya chakula ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikubali mwaka 2008 kwamba utamu wa stevia uliosafishwa kwa kiwango kisichopungua asilimia 95 waweza kuliwa bila madhara, kwa ukomo wa miligramu 4, kwa kipimo cha steviol, kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Umoja wa Ulaya uliuruhusu mwaka 2011. Katibu azingatie vema neno “uliosafishwa”. Ruhusa hizo zahusu unga, si jani zima wala maji yaliyochemshwa ya majani. Marekani, kwa mfano, hairuhusu jani zima kuuzwa kama kitia utamu, ingawa unga wake wauzwa kila duka.

Tena mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitia utamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitegemewe kuwa njia ya kupunguza unene, kwa sababu faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao waendelee kuongozwa na kliniki, maana mgonjwa anayemeza dawa za kushusha sukari, kisha akaiacha sukari ya chai ghafla bila kumwambia mganga, aweza kushuka kupita kiasi.

Jikoni

Majani huchumwa asubuhi umande ukikauka, na kuanikwa kivulini penye upepo. Akina mama wa kanda hii waliozoea kutengeneza michembe na matobolwa hawana la kufundishwa katika kuanika, ila jambo moja: jani hili lisianikwe karibu na dagaa. Hunyonya harufu upesi. Likikauka hata kuvunjika kwa vidole, hutwangwa, huchekechwa na kuhifadhiwa katika chombo kinachofunga.

Katika chai, kwa kuanzia, yatosha ncha ya kijiko kwa kikombe. Atakayepima kwa kijiko kizima kama sukari atapata kikombe kichungu na kuulaumu mmea bure. Katika uji wa ulezi au wa mtama, unga wa majani huchanganyika vizuri na uchungu wake haujitokezi sana. Katika maandazi mambo ni magumu zaidi. Utamu wa stevia hauharibiki kwa moto wa kawaida wa kupikia, lakini hamira haiwezi kuula, wala haulipi donge ule ujazo na ile rangi ya kahawia itokayo kwa sukari. Anayepika maandazi ya kuuza asiiache sukari yote kwa siku moja, wateja watamkimbia.

Mnunuzi wa mjini naye asome lebo. Vifurushi vingi vyenye jina la stevia vina stevia kidogo sana. Sehemu kubwa huwa ni kitu kingine cha kujazia, na baadhi ya vijazio hivyo, kama dekstrosi, ni sukari.

Familia inayotumia kilo moja ya sukari kwa wiki hutumia kilo 52 kwa mwaka. Utamu wa kilo 52, ukigawanywa kwa 15, ni kilo tatu na nusu za majani makavu. Mashamba ya stevia kwa kawaida hutoa tani 1 hadi 3 za majani makavu kwa hekta kwa mwaka. Hata kwa kipimo cha chini kabisa, kitalu cha mita 5 kwa 7 chatosha familia hiyo mwaka mzima. Kwa kuwa mmea huzaliana kwa vipandikizi, mwanachama anayeanza na mashina 10 ya mama aweza kujaza kitalu chake bila mkopo wowote. Kwa jikoni, basi, zao hili halihitaji hata mkutano mkuu.

Shambani

Mbegu za stevia ni ndogo mno na nyingi haziota. Kwa hiyo hupandwa vipandikizi vya urefu wa kidole katika kitalu chenye kivuli, na kuhamishiwa shambani baada ya wiki kadhaa. Udongo uwe tifutifu usiotuamisha maji. Shina hudumu miaka 3 hadi 5, likikatwa mara kadhaa kila mwaka.

Mambo mawili yawahusu hasa wakulima wa Mwanza. La kwanza ni mwanga. Stevia huchanua siku zinapokuwa fupi. Kwao Paraguay, mchana wa kiangazi huzidi saa 13, na mmea hupata muda wa kujaza majani kabla ya kuchanua. Mwanza iko kiasi cha nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 au karibu na hapo mwaka mzima. Hapa mmea huharakisha kuchanua ungali mfupi, na ua likishafunguka utamu wa jani hupungua. Mkulima hana budi kuwahi kukata vichomozi vya maua vinapoanza tu kuonekana. Hiyo ni kazi ya mikono, na huja mara nyingi zaidi kuliko vitabu vya nchi za mbali vinavyosema.

La pili ni maji. Mizizi ya stevia haiendi chini sana, na ukame wa Juni hadi Agosti huimaliza. Mwanachama mwenye shamba la bondeni au karibu na ziwa na mwenye pampu aweza kumwagilia, akizingatia mita 60 za hifadhi ya ufuo zilizowekwa na sheria ya mazingira. Mwenye shamba la juu, lile linalostahimili pamba, aweza kupanda mara moja na kuzika gharama zake.

Sokoni

Chama chenye wanachama 200 kichukuliwe kuwa mfano. Kila mmoja apande nusu eka, jambo ambalo kwa masikio ya mkulima wa pamba ni dogo. Jumla ni eka 100, yaani hekta 40. Kwa kipimo cha chini cha tani moja kwa hekta, chama kitavuna tani 40 za majani makavu kwa mwaka. Utamu wa tani hizo ni sawa na tani 600 za sukari. Ili majani hayo yaishe kwa chai na uji, zaidi ya kaya 11,000, kila moja ikitumia kilo moja kwa wiki, zingelazimika kuiacha sukari kabisa. Hivyo ndivyo soko la jani linavyojaa upesi, na hiki ni chama kimoja tu.

Miche nayo ina hesabu yake. Hekta moja hupandwa miche 80,000 au zaidi. Nusu eka ya mwanachama ni miche 16,000. Ikichukuliwa kwamba mche mmoja wauzwa shilingi 100, mwanachama atadaiwa shilingi 1,600,000 kabla hajavuna jani moja, na chama kizima shilingi milioni 320. Hapo ndipo katibu apaswapo kuuliza nani mwenye faida. Anayeuza miche hupata faida yake siku ya kupanda, na baada ya hapo zao likiuzika au lisiuzike, yeye amekwisha kulipwa. Anayenunua majani hupata faida siku ya mavuno, na kwa sababu hiyo hujali shamba likoje. Mgeni anayefika ofisini na sampuli za miche, ahadi ya bei na kalamu mkononi, aulizwe kwanza kama yumo katika kundi la kwanza au la pili.

Mfano wa karibu wa zao hili kufanyika kibiashara uko ng'ambo ya pili ya ziwa. Katika miinuko ya Kericho nchini Kenya, wakulima wadogo walilima stevia kwa mkataba na kampuni iitwayo PureCircle. Kericho nayo iko jirani na Ikweta, lakini iko juu, kama mita 2,000, na mvua yake huenea karibu mwaka mzima, tofauti na Mwanza. Kampuni ndiyo iliyohitaji majani, kwa kuwa ilikuwa na viwanda vya kuyasindika Malaysia na China. Mpango huo ulianza na mnunuzi, kisha ndipo shamba likafuata. Hata hivyo mnunuzi mmoja si uhakika wa milele. Mwaka 2020 kampuni ya Ingredion ya Marekani ilinunua hisa nyingi za PureCircle, na kampuni ikibadili mwenyewe, mipango yake ya kununua yaweza kubadilika. Mkulima wa pamba akikataliwa na kiwanda kimoja cha kuchambua, bado vipo vingine Mwanza, Simiyu na Shinyanga, na Bodi ya Pamba ipo ya kulalamikiwa. Stevia haina bodi, wala mlango wa pili wa kubisha.

Liko na jambo jingine ambalo wauza miche hawalitaji. Mwaka 2019 kampuni za Cargill na DSM zilifungua kiwanda huko Blair, katika jimbo la Nebraska, Marekani, ambacho hutengeneza utamu ule ule wa stevia kwa kuchachusha sukari kwa hamira maalumu, bila kutumia jani hata moja. Wazee wa nchi hii waliona nyuzi za viwandani zilivyoiporomosha bei ya mkonge. Na wanachama wenye ndugu Kagera wanakumbuka vanila: bei ilipanda sana hadi mwaka 2004, watu wakapanda kwa pupa, kisha mwaka 2005 bei ikaanguka. Kwa kuwa mvanila huchukua kama miaka 3 kuzaa, waliopanda bei ikiwa kileleni walivuna bei ikiwa chini.

Wajibu wa chama

Mkopo wowote wa pembejeo, hata ukiitwa msaada, huingia katika ukomo wa madeni wa chama, ambao hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Bodi ya chama haina mamlaka ya kusaini kwanza na kuwaarifu wanachama baadaye. Miche inayotoka nje ya nchi, ijapokuwa ni ya kuvushwa tu mpakani Sirari, yahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana ugonjwa mmoja wa kuletwa waweza kuambukiza bustani za mboga za wilaya nzima. Nacho kikundi kinachotaka kufunga majani katika pakiti na kuyauza kama chakula kifike kwanza Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula.

Mkataba wa kununua majani, ukipatikana, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Uonyeshe bei au njia ya kuipata, kiwango cha ukavu na cha utamu na nani atakayekipima, siku za malipo, na nani atabeba hasara mnunuzi asipotokea. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ambacho mara nyingi hakiandikwi. Mkataba usio nacho umekwisha kuamua kwamba hasara ni ya mkulima.

Chama kinachotaka kujifunza bila kujifunga chaweza kutenga kitalu kimoja cha majaribio karibu na ofisi, au kwa mwanachama mwenye maji, na kufungua daftari lake. Humo yaandikwe tarehe za kupanda, kuchanua na kukata, uzito wa majani mabichi na makavu kwa kila mkato, ndoo za maji, na saa za kazi za kila mtu aliyechuma. Saa hizo hupuuzwa sana, hasa zikiwa za wanawake na watoto, na ndizo zinazoweza kugeuza faida ya karatasi kuwa hasara ya nyumba. Baada ya mwaka mmoja wa majira yote, chama kitakuwa na tarakimu za udongo wake chenyewe, na miche ya kuwagawia wanachama kwa matumizi ya majumbani.

Maswali ya kujadiliwa na darasa. Je, ni wanachama wangapi wa chama hiki wenye maji ya kumwagilia kuanzia Juni hadi Agosti, na ni nani aliyewahesabu? Ikiwa mche wauzwa shilingi 150 badala ya 100, mwanachama wa nusu eka atadaiwa kiasi gani, na deni la chama kizima litakuwa ndani au nje ya ukomo ulioidhinishwa? Mnunuzi akitoa bei ya kilo moja ya majani makavu, mwanachama atahitaji kilo ngapi za majani mabichi ili aipate, ikizingatiwa kwamba jani bichi hupoteza kiasi cha robo tatu ya uzito wake au zaidi likikauka? Na katika msimu uliopita, kabla ya kusaini mkataba wowote wa pembejeo, ni nani aliyeusoma wote hadi ukurasa wa mwisho?